Mirehani Nayo Imefiwa?

Mjukuu wangu Mwanamisi,

Nakusalimu kwa mapenzi. Hapa Msambweni hatujambo, ila mimi nachoka upesi, na eda ya babu yako imebaki zaidi ya mwezi.

Umeniuliza kama ni vibaya kurudi kwenye kikundi chako cha ngoma, na hata miezi mitatu haijatimia tangu babu afariki.

Baba yangu alifariki muda mfupi baada ya uhuru. Nilikuwa mtunza vitabu katika maktaba ndogo ya hapa. Nikitoka kazini nilikuwa nikimwagilia mirehani yangu ya makopo roshani, kisha nikisoma, na kwenye harusi nikicheza chakacha mpaka miguu iume. Msiba ulipoingia niliacha yote, nikawa naketi kimya na mama aliyekuwa akikaa eda. Nilidhani ndiyo heshima.

Jioni moja mama alichungulia roshani, akaona mirehani imenyauka.

"We Mwanasha, hiyo mirehani nayo imefiwa na mume?"

"Mama, nitawezaje?"

"Eda ni yangu, usininyang'anye. Kaimwagilie. Na kesho uende harusini kwa jirani, urudi unisimulie nani alicheza vibaya."

Nilikwenda, nikacheza huku machozi yanatoka. Niliporudi nikamsimulia, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Basi nenda, mjukuu wangu. Mimi nimo ndani, mirehani yangu naimwagilia kutoka dirishani. Ukitoka ngomani niandikie, na usiache kunitajia nani alicheza vibaya.

Nyanya yako,
Mwanasha