Biblia niliyoiacha kabatini

Jeddah, Ijumaa, baada ya magharibi

Nimekimaliza kile kitabu cha historia alichoniazima Rhoda wa wodi ya wazazi. Wafalme wa Ulaya ya zamani wameniudhi kutwa nzima. Walipiga marufuku Biblia kwa lugha ya watu wao. Padri asome Kilatini, mkulima akae tu asikilize asichokielewa. Waliokamatwa na nakala, wengine walichomwa moto.

Nilimsimulia Bi Zuwena, jirani yangu Mzanzibari, aliponiletea visheti. Siku za mapumziko hakuna mwingine wa kunisemesha Kiswahili. Yeye ni Mwislamu, lakini anajua nina Biblia, kitu cha marufuku huku, sandukuni chini ya nguo, na hajamwambia mtu.

"Hebu nisomee kidogo, mwanangu, nisikie Kiswahili chenu cha bara."

Nikamwambia sina ya Kiswahili. Yangu ni ya Kiingereza.

Mafuta ya Waarabu yalipopanda bei na hospitali za huku zikapata fedha za kuja kutafuta manesi kwetu, mama alinifungia Biblia yake ya Kiswahili, jalada limechakaa. Nikairudisha kabatini kimya kimya. Niliona aibu kupanda ndege nayo, mimi nesi mwenye diploma. Tangu nifike, hii nyingine naisoma kama maelezo ya dawa. Kuomba nayo siwezi.

"Ya Kiswahili walikupokonya uwanja wa ndege?" Bi Zuwena akauliza, kwa huruma kabisa.

Nikaitikia ndiyo.

Wale wafalme walihitaji askari na kuni. Mimi sikuhitaji mtu wa kunikataza.