Kipepeo wa Pazia la Mama

Jumapili, Voi

...na siku nzima msituni Mghange sijapata picha hata moja ya maana. Ndege niliwasikia tu ndani ya ukungu, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Vipepeo nao, nikiinua kamera, wameshapaa.

Nimerudi nimenuna. Kumbe kipepeo wa samawati ametua kwenye pazia letu la sebuleni, katulia kama anaota. Nikamnyemelea na kamera.

"Wewe, usimshtue!" mama akasema. "Huyo ameleta habari ya mgeni."

Akaongeza unga kwenye sufuria. Hakutaja jina. Kaka yangu Mwakio yuko Qatar, na simu yake haipatikani tangu mvua za vuli.

Sasa mama amelala. Sahani ya tatu ingali mezani, imefunikwa.

Mimi siamini mambo hayo. Lakini dirisha nimelifunga, kipepeo asitoke.