Nahodha Makame Kanyimwa Cheo

Jumapili, saa nane mchana. Ufukoni.

Joto la leo ni la kukomoa. Tangu asubuhi wingu limetanda upande wa bandari, limetutia moyo, halafu limejiendea zake Msumbiji bila kutuachia hata tone. Hata kuku wa jirani wameacha kugombana. Nimekaa barazani na daftari hili mapajani, jasho linadondokea karatasi. Sijaandika humu tangu Pasaka.

Kanisani leo, tulipofika kwenye maungamo, nilifumba mdomo. Siku zote naungama kwa sauti pamoja na wenzangu, kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, huku nikiwaza maharage niliyoyaacha jikoni. Leo nilikuwa na tendo lenyewe, na jina la mtu niliyemtendea, na sauti ikagoma kutoka.

Nimemkosea Bi Somoe.

Sasa nieleze vizuri, maana nikiandika haraka haraka nitajipendelea. Asubuhi nafundisha watoto. Saa kumi alasiri, siku tatu kwa wiki, nakwenda Mtawanya kufundisha kisomo cha watu wazima. Tunatumia darasa la watoto, kwa hiyo wazee wa watu wanakaa kwenye madawati mafupi, magoti yakiwafika kidevuni. Msimu huu wanakuja wananukia mabibo kwa sababu wanatoka moja kwa moja kwenye korosho. Wamechoka, lakini wanakuja. Mimi Mpare wa kuja, wamenipokea kama mtoto wao.

Miezi mitano iliyopita ulikuja mtihani. Shinikizo lilikuwa kubwa: kila mkutano tunaambiwa darasa lote lifaulu, tarafa isiaibike. Mwalimu mwenzangu wa Mpapura akaninong'oneza kwamba msahihishaji anayezunguka huku kwetu ana ukurasa wake mmoja tu anaoupenda kwenye kitabu cha kwanza, ule wa mkorosho, na kila aendako anasomesha huo huo.

Mwalimu mwadilifu angesema asante, akaendelea na herufi. Mimi nilifunga herufi kabatini. Wiki mbili nzima tukaimba ukurasa wa mkorosho. "Mkorosho ni mali. Palilia mkorosho wako." Watu hawa wamelelewa kwa kusikiliza, ukiwaambia neno mara moja, unalikuta mwakani lilivyo. Siku ya tatu wote walikuwa nao kichwani. Nikawafundisha mpaka namna ya kupitisha kidole chini ya mstari, polepole, kama msomaji.

Kupitisha kidole! Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kukariri ningeweza kusingizia haraka. Kidole kile nilikifundisha kwa makusudi.

Siku ya mtihani, kidole cha Bi Somoe kilifika mwisho wa mstari kabla ya mdomo wake. Nikakauka. Lakini msahihishaji alikuwa anahangaika na dafu lake, hakuona. Darasa lote likafaulu. Ngoma ilipigwa, vyeti vikatolewa mbele ya watu. Mzee Nampota, mkulima wetu wa korosho, alikitia chake kwenye fremu akakitundika sebuleni. Wanaosoma kweli kweli darasani mwangu hawafiki hata nusu.

Na mimi nikapendekezwa kuwa mratibu wa kisomo wa tarafa nzima, pamoja na baiskeli ya serikali. Kesho Jumatatu Ofisa Elimu anakuja kunithibitisha.

Sasa hadithi. Baada ya mtihani nilihofia watu wataacha kuja, na vitabu vingine hatuna. Nikatunga ya kwangu, sehemu moja kila Jumamosi. Ilianzia kwenye ubishi wa Mzee Nampota, aliyekataa katakata kwamba kuna watu wametua mwezini kama redio ilivyosema. "Mwezi si ule pale? Mbona sizioni nyayo?" Nikasema haya, mzee, mimi nitakupeleka mbali zaidi. Nikamtunga Nahodha Makame na chombo chake kiitwacho Tumaini, kinachosafiri kati ya nyota na nyota, na mabaharia wake kumi na wawili.

Walimpenda mno. Ukimkuta mtu wa Mtawanya njiani, badala ya kukujulia hali anakuuliza Makame ametoka kwenye lile wingu la moto au bado.

Jana ilikuwa sehemu ya mwisho. Chombo kimerudi nyumbani salama, hakuna aliyekufa. Nahodha amesimama mbele ya Baraza la Wakuu, ametoa taarifa ya safari, na Baraza linataka kumpandisha awe Mkuu wa Vyombo Vyote. Nikafunga daftari nikawaambia: Baraza ni ninyi. Jadilini, kisha tupige kura.

Nilitegemea mikono yote juu, makofi, twende nyumbani.

Mikutano wameizoea, hawakuhitaji kufundishwa. Mzee Nampota alichaguliwa mwenyekiti, akakohoa kikohozi cha mwenyekiti. Ndugu Tadei, mpakuzi wa mizigo bandarini, akasimama kumtetea nahodha. "Ndugu Mwenyekiti, ameondoka na watu kumi na wawili, amerudi na watu kumi na wawili. Sisi bandarini tunapakua meli moja tu na mtu anavunjika mguu. Apewe cheo, na apewe leo." Wakapiga makofi. Nikaona mambo yamekwisha.

Bi Somoe akanyoosha mkono.

Bi Somoe ni mjane, mwanamke wa makamo, mfupi, si msemaji. Mtoto wake mmoja tu, Hamisi, yuko Tanga kwenye mashamba ya katani. Alisimama akajifunga kanga vizuri kama anayekwenda kutwanga, akasema, "Nangu, mimi huyu, namkatalia."

"Toa sababu, Bi Somoe," mwenyekiti akasema.

"Amesema uongo barazani. Leo Mwalimu katusomea kwamba nahodha amewaambia wakuu, kila baharia wangu anaijua ramani ya nyota. Si ndivyo? Lakini sehemu ya tatu Mwalimu alitusomea ramani anaijua yeye peke yake."

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa niliandika nini sehemu ya tatu. Wao hawasahau kitu. Nikachekacheka, nikasema labda aliwafundisha njiani.

"Lini?" akaniuliza. "Sehemu ya nne walikuwa wamefungwa mikanda, chombo kinatikisika. Ya tano wamelala wanaumwa homa. Ya sita wako kwenye wingu la moto. Aliwafundisha lini, Mwalimu?"

Darasa likaangua kicheko. Ndugu Tadei akasema, "Mama, umemkamata!" Mimi sikucheka. Masikio yalikuwa yanaungua.

Akaendelea, taratibu tu, wala hakunitazama. "Amewasingizia ujuzi. Sasa wakuu watasema, ala, kumbe hawa wanajua? Watampa kila mmoja chombo chake. Atakwenda huko juu peke yake, giza, hajui kushoto wala kulia, na kumwambia mtu hawezi kwa sababu imeshasemwa anajua. Nahodha kapata cheo. Yule mtu kapata nini?"

Kura ikapigwa. Nahodha Makame akabaki na mkono mmoja, wa Ndugu Tadei, nao uliteremka nusu njia. Mwenyekiti akatamka uamuzi kwamba nahodha asifukuzwe wala asipandishwe. Arudishwe kwenye chombo kile kile, na watu wale wale, mpaka ramani iwaingie. Wakatawanyika wakibishana kwa furaha. Mimi nilibaki nafuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Bi Somoe naye alibaki.

Alifungua pindo la kanga akatoa barua. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea kama kitambaa. "Ya Hamisi," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Nisomee, Mwalimu. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Macho yake hayana ubaya wowote. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba majirani wanampelekea barua zao awasomee, maana wote walimwona akikabidhiwa cheti, naye anawajibu hivyo hivyo kila siku, macho, macho. Walipomuuliza Hamisi anasemaje, aliwaambia Hamisi anasalimu.

Nikaifungua. Ama baada ya salamu, Hamisi anasema amesikia mama yake amefaulu kusoma, na amefurahi mpaka chakula kimemshinda. Anasema miaka yote amekuwa na jambo la kumuuliza, lakini barua zake zilikuwa zinapita midomoni mwa watu. Sasa anaweza. Anamwomba asimpe mtu yeyote aisome, hata ndugu, hata mwalimu.

Hata mwalimu. Imeandikwa.

Nilipaswa kuikunja pale pale. Sikuikunja. Macho yangu yakaendelea kushuka peke yake mpaka chini kwenye jina lake. Nimesoma yote. Najua anachouliza, na mama mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa hajui.

Humu sitaandika ameuliza nini; nimeshamwibia mara moja. Niseme tu kwamba jibu lake ni jina la mtu, na kwamba anaomba aandikiwe na mkono wa mama yake mwenyewe, hata kama ni neno hilo moja tu.

Nikamwambia Hamisi anataka asome yeye mwenyewe, mtu mwingine asiione.

Akanitazama. "Na wewe umeishia wapi?"

"Hapa mwanzo," nikasema.

Uongo. Katika saa ile ile, mbele ya mtu yule yule. Nimejizoeza vizuri.

Ndipo nikamwambia habari za mtihani. Nilimwambia kila kitu, ukurasa, msahihishaji, kidole, baiskeli, nikilia kama mtoto, na chaki mkononi. Nilitegemea anitukane. Ningemshukuru.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijui kusoma, nami najua kwamba sijui. Ulidhani nimejisahau? Ila siku ile ulifurahi sana. Ulikuwa unaturukia shingoni mmoja mmoja. Nikaona haya kukuharibia."

Jamani.

Yaani miezi mitano mwanamke huyu amebeba aibu yangu, akidanganya majirani, na wiki hizi tatu akilala na barua ya mwanawe chini ya mto, ili mimi nisiharibikiwe furaha. Na jana aliposimama kumkatalia Makame hakuwa ananipiga vijembe. Nilimuuliza. Alishangaa. Alikuwa anamsema Makame tu.

Usiku nililala vibaya, asubuhi nikaamka na hoja chungu nzima za kujitetea. Si mimi peke yangu. Madarasa mangapi yamekaririshwa! Nikisema kesho, Mzee Nampota atashushiwa fremu yake ukutani. Mwalimu mkuu atanichukia, atauliza nani kanituma kuitia tarafa aibu. Nikiwa mratibu nitaweza kurekebisha mambo kwa madarasa yote, si moja. Hii ya mwisho ni tamu sana. Nimeirudia mara tatu njiani kutoka kanisani, na kila mara nilikuwa nimeshapanda baiskeli.

Hapana. Siwezi kuwa mkuu wa ramani nisiyomfundisha mtu.

Kesho Ofisa Elimu akifika nitamwambia kabla hajakaa. Nitasema darasa langu lilikariri, kosa ni langu si lao, wapimwe upya wakiwa tayari, na vyeti kama lazima virudi, nitapita nyumba kwa nyumba mimi mwenyewe kueleza kwa nini. Naogopa. Huenda wakanihamisha, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kufokewa, maana wakinihamisha wiki hii nani atakaa na Bi Somoe?

Hata hivyo sikuisubiri kesho. Baada ya ibada nilipitia kwake Mtawanya, na Biblia yangu mkononi, yeye Mwislamu wa watu, tukacheka kidogo mlangoni. Nikamwambia ukweli uliobaki: kwamba niliisoma barua yote. Aliendelea kuchambua mchele. Sikujua kama atanifukuza. Mwishowe akasema, "Basi usiniambie. Hata nikikuomba, usiniambie."

Akaifunua barua juu ya ungo, nikaufunika ukurasa kwa kipande cha kanga, nikamwachia neno la kwanza tu. Alilisoma kwa nusu saa nzima, herufi moja moja, bila kupitisha kidole. Neno lilikuwa "Mama".

Kwa mwendo huo tutafika chini ya barua labda masika. Na akishalijua swali, atataka kulijibu kwa mkono wake. Jibu ni jina moja tu. Mwalimu yeyote angemfundisha herufi za jina hilo, basi, zikamtosha. Lakini jina hilo silijui, na kumuuliza siwezi bila kumfichulia swali.

Itabidi nimfundishe zote.