Jina Lililosomwa Redioni

Turffontein, Johannesburg
Machi 9, 2025

Baba, shikamoo.

Leo natimiza miaka sita na miezi minne tangu nitoke Dar. Mimi mzima, ila mgongo umechoka na saruji. Mguu wako je? Dada Tabia ananiambia umepata nafuu, lakini Tabia husema hivyo kila mara.

Nimepata kazi ya kupiga plasta huko mtaa wa Kensington, kwa dada mmoja Mngazija mwenzetu, Shufaa, mwenye duka. Baba yake, mzee Mselem, huweka kiti nje akanisimamia. "Ukuta umelala," ananiambia, "na fundi wake kalala." Jana kaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikakutaja. Akasema, "Naseeb wa redio? Mwambie namsalimu."

Unamjua?

Mwanao,
Ishaka

Ilala
Aprili 2, 2025

Mwanangu Ishaka,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Barua hii nimempa dereva wa lori, kwa kuwa simu yangu anaishika Tabia na hili sitaki alisome.

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wafaransa walikuwa bado wanatawala Ngazija, na sisi Wangazija wa Dar tulikuwa na chama cha kudai uhuru. Tulipewa nafasi redioni, msomaji nikawa mimi. Mselem alikuwa Ngazija kwenyewe, mjini Moroni. Alimficha mjumbe wetu nyumbani kwake wiki nzima. Nawe unatujua: mtu akitutendea wema, tunamshukuru mbele za watu, kwa jina lake na la baba yake, kama harusini. Nikamshukuru hivyo hivyo, redioni. Halikunijia kichwani kwamba Wafaransa nao wanasikiliza. Baada ya siku chache tukasikia amefungwa. Alikaa ndani miaka miwili.

Sikumwandikia hata mara moja. Siku ya uhuru wenzangu walicheza ngoma, mimi nikajifungia chumbani nikasema naumwa.

Usirudi nyumba ile. Sina la kumwambia.

Baba yako

Turffontein
Mei 4, 2025

Baba, shikamoo.

Nisamehe, nilirudi. Plasta ilikuwa nusu. Mzee Mselem nimemsomea barua yako yote. Alicheka mpaka Shufaa akaja na maji.

"Miaka yote hii anaumwa na hilo?" akasema. "Mimi walinikamata Jumatatu. Salamu zake zilisomwa Ijumaa, nimo ndani tayari."

Aliyemchongea ni jirani yake aliyekuwa akigombea naye kiwanja. Jirani mwenyewe alikuja kukiri mbele ya watu wa mji. Habari ya redio mzee aliletewa na askari: "Umetajwa Dar, na baba yako katajwa." Siku hiyo wafungwa wenzake wakamwachia nafasi ya dirishani. Mama yake naye alizunguka mtaa mzima akisimulia.

"Mwaka ule sikupata kingine cha kunifurahisha," akaniambia. "Lakini kutoniandikia ni uoga, na hilo mwambie."

Baba, nilifurahi hata nikasahau saruji kwenye ndoo, ikaganda. Shufaa hakunigombeza.

Mzee hataki simu. Anasema matusi aliyokuwekea ni ya ana kwa ana. Shufaa amenikatia tiketi nimsindikize. Mwambie Tabia atandike vitanda viwili. Tunatua Jumamosi, Juni 14, saa nane mchana.

Mwanao,
Ishaka