Watatazama Koo Langu, Baba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikainua kalamu, kama mtu anayesubiri marahaba. Basi niendelee bila hiyo.

Nakuandikia kutoka Nyantakara, kwenye meza yangu ya ofisi ya kata, kabla wenzangu hawajafika. Jumamosi nakuja nyumbani Keza kumaliza matanga yako. Baada ya misa watanikalisha kwenye kigoda chako, wataweka mtungi wa rubisi mbele yangu, na mimi ndiye nitakayevuta mrija kabla ya mtu mwingine yeyote. Wewe unajua sababu. Mwenye mji asipoonja, mgeni hanywi. Pombe ya ndizi ambayo mwenyewe ameiogopa, nani mwingine ataigusa?

Jambo hilo linaninyima usingizi, na ni wewe tu ungelielewa bila mimi kueleza sana.

Unakumbuka siku tuliyotoka kliniki, ulipoambiwa una kisukari? Daktari alikukataza pombe na chai tamu, akakwambia upunguze ugali wa muhogo, uongeze mboga na maharage, na kila siku utembee. Tulirudi kwa pikipiki mpaka nyumbani. Ndipo ukamwambia Mama, "Nimeambiwa nitembee."

Mama akauliza, "Uende wapi?"

"Hilo hakuniambia."

Tulicheka sote. Lakini kesho yake uliianza safari yako isiyo na mwisho wa njia, na kila nyumba ikakusimamisha. "Mzee, kuna msiba huko?" Hapana, natembea tu. "Kwa nani?" Siku iliyofuata ukabeba jembe begani, ukazunguka nalo hadi kilima cha pili na kurudi, na hakuna aliyekuuliza tena. Nilikuwa likizo, nikawa nakufuata nyuma na panga ambalo halikukata hata jani. Udongo wa Keza haujawahi kuona jembe vivu kama lile. Mwili wako ulipungua. Ulisema nyayo zimeacha kuwaka moto. Chai ukaizoea bila sukari, ukawa unamtania Mama kwamba sasa ndiyo unaonja majani yenyewe. Nilianza kuamini kwamba tutashinda.

Kisha ikaja posa ya binti wa Baba Mdogo. Kwa kuwa wewe ulikuwa mkubwa wa ukoo, mtungi uliwekwa mbele yako. Ulishika mrija, ukaziba tundu lake kwa ulimi, ukainama kwa muda wa mtu anayekunywa kweli. Mimi niliona, nikasema moyoni kwamba baba yangu ana akili. Baba Mdogo alikuwa amechuchumaa karibu yako.

"Kaka," alisema, "koo halijasogea."

Watu walicheka. Mzee mmoja wa upande wa wakwe hakucheka. Aliuweka mrija wake chini, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Ulijaribu kumweleza kwamba ni ugonjwa, una sukari. Akakujibu, "Wenye sukari nimewaona wengi. Wote walikunywa na sisi." Mama akakuinamia akanong'ona, "Onja kidogo tu, watu wanywe."

Ukavuta. Koo likasogea. Mirija yote ikaingia mtungini.

Ile kidogo haikubaki kidogo. Kila posa, kila ubatizo, kila matanga, mtungi ulikuwa unakusubiri, na kwa kuwa walishakushuku mara moja, walikutazama zaidi. Jembe likabaki nyuma ya mlango. Kisha ukaja ule mchubuko wa kiatu ambao haukupona. Sitaki kuukumbuka mguu wako. Nakumbuka ulivyokuwa unaomba maji, kikombe hakijashuka unaomba kingine, na midomo yako bado mikavu.

Sasa nisikilize, Baba. Wauguzi walikuja hapa kupima wafanyakazi. Mtendaji akanitania, "Karani umekonda kama kalamu, upimwe nini wewe?" Nikaketi huku nikicheka. Muuguzi alitazama kipimo, akakirudia.

"Sukari yako imepanda," alisema. "Hujawa mgonjwa, ila uko njiani. Nyumbani kuna mwenye kisukari?"

"Baba alikuwa nacho."

Alilisikia lile "alikuwa". Akashusha sauti. "Wewe bado unaweza kurudi. Badilisha chakula, tembea, na pombe achana nayo kabisa."

Nimebadilika. Natoka kazini kwa miguu, na vijana wa bodaboda wananiita, "Karani, umefukuzwa kazi?" Mama ntilie ananijazia mchicha, ananiuliza ni nani aliyenivunja moyo. Nafanya yote niliyoambiwa, lakini naishi kama mtu anayemkimbia nyoka aliye ndani ya nguo zake mwenyewe.

Wiki hii nilimpigia Baba Mdogo, nikamwomba aonje yeye. Akakataa.

"Mwanangu, kigoda kina mwenyewe."

"Basi nitakunywa maji mbele yao."

"Hawana haja na kiu yako. Wanataka kujua pombe ni salama." Kisha akasema polepole, "Wapo wanaosema mguu wa kaka haukuwa wa sukari. Kuna mkono wa mtu. Na mtungi wa Jumamosi anaupika mama yako. Wewe usipokunywa, watamtazama nani?"

Nilikata simu. Nilimpigia Mama. Aliniambia ndizi zimeiva vizuri shimoni na majirani wamekuja kusaidia kukamua. Nilipomweleza niliyoambiwa na muuguzi, alisema kwa sauti ile ile, "Onja kidogo tu, mwanangu, watu wanywe." Sijui kama ile minong'ono imemfikia. Sikuthubutu kuuliza.

Najua funda moja halitaniua. Lakini kuanzia Jumamosi mimi ndiye mkubwa wa mji, na nimeshaona funda moja linavyokwenda. Ulinisomesha, Baba. Hapa ofisini watu wananiletea shida zao niziandike vizuri, na naziandika. Ila sina sentensi hata moja ya kumwambia mzee wa Keza anayeweka mrija wake chini huku akimtazama Mama.

Asubuhi hii nimefanya mazoezi. Nilichukua mrija wa soda na glasi ya maji, nikasimama mbele ya kioo. Unaziba tundu kwa ulimi, halafu unameza mate. Wewe ulisahau kumeza mate. Mara ya kwanza koo lilisogea vizuri kabisa, hata Baba Mdogo asingegundua. Nikarudia, halikusogea. Nikarudia tena. Hapakuwa na mate ya kumeza, kinywa kilikuwa kikavu.

Sijui kama ni woga, Baba, au ni ile kiu yako.

Pumzika. Jumamosi utaniona kwenye kigoda chako.

Mwanao wa kwanza