Ndege ya Kuruka Mirihi

Mjukuu wangu Riziki,

Marahaba, ingawa mimi bibi yako wa kiukoo nina miaka kumi na sita tu. Huku Ganze tu wazima, na mahindi tumeshavuna.

Umeniuliza kama kweli ndege inaweza kuruka kwenye sayari ya Mirihi, maana wenzako darasani wamekucheka. Inaweza! Hewa ya huko ni hafifu, kwa hivyo ndege iwe nyepesi na mapanga yake yazunguke kasi mno.

Hata mimi, na haya zangu hizi, nililisema hilo darasani. Kiingereza kiliponikwama nikaendelea kwa Kiswahili.

"Keti, rubani wa Ganze!" wakanipigia kelele.

Sikuketi. Nilianza upya, na nakiri machozi yalinitoka, lakini nilimaliza nikiwa nimesimama.

Bibi yako,
Kadzo