Saa Kumi Nilizomruhusu Orville

KITUO CHA POLISI, GALENA, ALASKA
Maelezo ya shahidi, 16 Januari 2019

Jina: Lyle Haugen. Umri: miaka 61. Kazi: fundi wa ndege ndogo. Makazi: kibanda kando ya uwanja wa ndege, mto Koyukuk. Naishi peke yangu.

Mnamo tarehe 9 Januari, saa tano asubuhi, rubani Orville Demoski aliniletea ndege yake nimbadilishie oili. Nilikata kichujio cha oili nikakuta chembe za chuma, dalili kwamba injini inajisaga ndani. Zilinasa kwenye sumaku. Kitabu cha kiwanda kinasema injini ile ifumuliwe na kuundwa upya ikifikisha saa elfu mbili za kuruka, na zilikuwa zimebaki saa mia moja na arobaini. Lakini injini haisomi kitabu. Ilikaa kiangazi kizima bila kuruka, Orville alipovunjika mguu, na injini iliyolala huota kutu ndani.

Orville aliuliza, "Vipi daktari, mgonjwa anakufa?"

Nikasema, "Ana mafua."

"Ukisema alale, analala. Mimi naenda zangu Fairbanks kwa dada, nile vya bure mpaka barafu iyeyuke. Kahawa yako hii ya matope utakunywa mwenyewe."

Tangu mke wangu afariki, Orville ndiye pekee anayefungua mlango wangu majira ya baridi. Huja kila Jumatano na samaki mkavu, anaitukana kahawa, anakunywa vikombe vitatu. Nilihesabu kimoyomoyo: Januari hadi Mei.

Kanuni inaruhusu, chembe zikiwa chache, ndege iruke kwa jumla ya saa kumi kisha kichujio kikaguliwe tena. Zile hazikuwa chache. Nilimwambia, "Ruka saa kumi, kisha uniletee." Nikatia sahihi kwenye daftari la ndege kwamba inafaa kuruka.

Tarehe 12, injini ilizimika angani. Alitua salama juu ya barafu, lakini redio haikufika kokote. Tarehe 14 alipatikana chini ya bawa, ameshakufa kwa baridi.

Afisa ameniuliza kama nilikosea kuzipima chembe. Sikukosea. Nilizijua. Nilikuwa mpweke, basi. Orville angeniuliza mara ya pili ningemwambia ukweli. Hakuuliza, kwa kuwa aliniamini.

Hayo ndiyo niliyoyatenda, nami nayakiri bila kulazimishwa.

(Sahihi) L. Haugen

Maoni ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali. Nilimshauri aondoe sentensi kuhusu upweke, kwa kuwa haihusu injini. Amekataa.

(Sahihi) Sajini R. Pruett